Fundi, Nenda Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza. Muuguzi wa kliniki ameniambia niandike jinsi mke wangu anavyokuwa kila ikifika jioni, ili daktari apate kuelewa. Nimemwambia mimi ni fundi cherehani, kalamu yangu ni chaki. Akacheka. "Chaki itafutika, Mzee. Tumia kalamu."

Basi naandika. Mchana Bibie ni mzima. Bibie ni jina nililompa tulipooana, siku hizi hata majirani wanamwita hivyo. Leo alifagia, akaanua nguo kabla ya mvua, akanicheka nilipokuwa natafuta miwani iliyo usoni mwangu. Jua lilipoanza kushuka akawa mtu mwingine. Alisimama katikati ya sebule, mkoba begani, akasema anataka kwenda nyumbani.

"Hapa ndipo nyumbani, mke wangu."

"Usinifanye mtoto," akasema.

Halafu akaona watu dirishani. Nikatoka na mwavuli, nikaizunguka nyumba. Sikuona mtu.

Jumanne, 4 Machi

Vilevile. Mkoba, dirisha, watu.

Alhamisi, 6 Machi

Mwaka jana, Bibie alipopotea njia ya kuja dukani kwangu, nilifunga duka nikahamishia cherehani hapa sebuleni. Macho yangu hayana nguvu, kwa hiyo nilifunga taa ya tyubu juu ya kichwa changu, nyeupe, kali, ya kumulika hata mawazo. Chini ya taa hiyo ndipo nilipokuwa leo jioni, nashona pindo la suruali, Bibie alipokuja akasimama mbali kidogo, kama mtu anavyosimama mbele ya duka la watu.

"Fundi," akasema, "giza linaingia. Hufungi kazi?"

Nikadhani ni utani. Utani kwetu ni kama chumvi, haukosekani. Nikamjibu, "Namalizia hapa tu, mama."

"Utamalizia kesho. Nenda nyumbani, mkeo anakusubiri. Na mume wangu naye yuko njiani. Akikukuta humu na usiku umeingia, nitamwambia nini?"

Nikainua uso. Hakuwa anacheka. Aliniangalia kwa heshima, na hofu kidogo, macho yale yale ninayoyajua kuliko ninavyoujua mshono wowote.

Nikakunja kitambaa. Nikafunika cherehani. Nikasema, "Haya mama, tutaonana kesho." Nikatoka kwa mlango wa mbele, nikazunguka kwenye mvua, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikasimama gizani jikoni kama mwizi. Nilimsikia akisogeza kiti karibu na mlango. Alikuwa ananisubiri.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekuja, mdogo wake Bibie. Binti yetu anayeishi mji wa mbali ndiye aliyempigia simu, mimi sikuulizwa. Shemeji ni mjane, hana anayemfunga, na ana mdomo ambao ukifunguka redio inajizima yenyewe. Kabla hajavua viatu alikuwa ameshahamisha sufuria zangu zote.

Jioni Bibie aliposhika mkoba, Shemeji akamwambia bila kupepesa jicho, "Dada, mumeo kapiga simu. Amechelewa kidogo, anasema utulie." Bibie akaketi.

Nilimvuta Shemeji jikoni. "Katika nyumba hii hatudanganyani."

"Shemeji, mtu anazama. Wewe unataka kwanza umwonyeshe risiti ya kamba."

Wiki moja, nimejiambia, halafu atachoka ataondoka.

Jumanne, 11 Machi

Leo Bibie alipopiga kelele kwamba watu wamerudi dirishani, sikutoka nje. Nimechoka kuizunguka nyumba kama askari wa zamu. Shemeji alimpeleka chumbani, nami nikaketi kwenye kiti chake, nikatazama kule alikokuwa anatazama.

Nikamwona mmoja. Nywele zikanisimama. Mzee mmoja mwembamba, futi kamba shingoni, amekaa kwenye giza la nje ananikodolea macho.

Ilinichukua muda kuelewa. Nje kulikuwa giza totoro, ndani ile tyubu yangu inawaka kama adhuhuri, na kioo cha dirisha kimegeuka kioo cha kujitazamia. Watu wale walikuwa sisi. Kila jioni mke wangu alikuwa anamwona kikongwe mgeni na mzee futi kamba shingoni wakimchungulia, wala hakumjua hata mmoja wao. Angewajuaje? Yeye bado ana umri wa kumsubiri mumewe arudi kutoka dukani.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeshona pazia. Zito, lenye bitana, linaburuza sakafuni. Ningemwekea mteja pindo la kawaida, hili nimelipiga mara mbili. Jua likianza kushuka tu, tunalivuta. Leo watu hawakuja.

Mkoba ulikuja.

Jumamosi, 15 Machi

Shemeji anasema tatizo lililobaki ni ile tyubu. "Inalia, husikii? Nzzz, kama mbu kwenye sikio. Na inamtia kila mtu sura ya maiti." Nilikasirika kwa sababu ni kweli. Kwa muda sasa nimemwona Bibie akijifunika kichwa kwa kanga ikiwashwa, nikadhani ni baridi.

Tukamwita fundi umeme wa mtaani. Wanamwita Shoti. Fundi umeme kuitwa Shoti ni kama daktari kuitwa Jeneza, lakini ni mtu mchangamfu na anakuja akiitwa, jambo ambalo kwa mafundi ni muujiza, nami nasema hivyo nikiwa fundi.

"Mzee, nimekuletea ya kisasa," akasema. Akapanda kiti, akafunga, akawasha. Sebule ikawa nyekundu, ikawa buluu, ikawa kijani, ikarudi nyekundu.

"Hii ni nyumba au baa?" Shemeji akauliza.

Bibie alitazama dari, akatutazama sisi, akasema, "Na wapiga muziki wanafika saa ngapi?"

Tulicheka mpaka Shoti akashuka kwenye kiti asije akaanguka. Sikumbuki mara ya mwisho niliposikia kicheko cha Bibie saa hizo za jioni.

Jumapili, 16 Machi

Shoti amerudi na balbu za kila namna kwenye kikapu, kama muuza mayai. Tulisubiri giza liingie, tukavuta pazia, tukazijaribu moja baada ya moja, huku sote tukimtazama Bibie usoni. Nyeupe: akafumba macho. Nyeupe iliyopoa: akaulizia mkoba. Ya njano, yenye nguvu, pale juu darini: akatulia, lakini kila aliponyanyua mkono, kivuli chake kikaruka ukutani naye akashtuka.

"Basi tuishushe," nikasema. "Isikae juu. Ikae chini, pembeni, kama mtu aliyeketi."

Tukaweka taa ya meza kwenye pembe, nyuma ya kiti chake, balbu ya njano ndogo. Nikaifunika kwa kitambaa cha pamba rangi ya maziwa, Shemeji akiwa amekishika. Mwanga ukatulia ukutani. Bibie alikaa akaegemea. Baadaye akanyoosha miguu. Tulikuwa watu watatu tumesimama tunamwangalia mwanamke akinyoosha miguu, na hakuna aliyethubutu kukohoa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeishonea taa ile kofia ya kudumu, waya wa mviringo juu na chini. Nimeshona suti za maharusi, sijawahi kufumua kazi mara nyingi hivi.

Alhamisi, 20 Machi

Tumegundua jingine. Bibie hukataa kutoka sebuleni kwenda chooni usiku ukiingia, na Shemeji amekuwa akifua mashuka bila kusema neno. Leo nilimfuata nikaona anasimama ukingoni mwa zulia jeusi la koridoni. "Kuna shimo," akaninong'oneza. Nikalikunja zulia nikalitupa nje. Shoti amefunga taa ndogo mbili karibu na sakafu, zinamulika njia hadi mlango wa choo. Bibie akapita akiwa ameinua gauni kidogo, kama anavuka kijito.

Nikamwambia Shemeji, "Kumbe umekuwa ukifua kila siku."

"Ulidhani mashuka yanajifua?" akasema, akaenda zake.

Jumatatu, 24 Machi

Jioni njema kuliko zote. Mvua ilikuwa inanyesha taratibu, taa iko pembeni, chai mezani. Bibie alizungusha macho sebuleni kote.

"Nyumba hii nzuri," akasema. "Ina makaribisho. Ya nani?"

"Yako."

Akacheka kwa adabu, kama mtu aliyesifiwa kupita kiasi. "Mimi? Sina uwezo huu." Halafu akainama kwangu, sauti chini: "Mume wangu angepapenda hapa. Yeye ni fundi kama wewe. Lakini anashona vizuri zaidi, usikasirike."

"Sikasiriki," nikasema.

Nilienda jikoni kuongeza sukari ambayo haikuhitajika.

Jumatano, 26 Machi

Mvua kutwa.

Jumamosi, 29 Machi

Mteja amerudisha suruali nyeusi. Mguu mmoja una uzi wa buluu. Mwanga ule unaomtuliza Bibie haunioneshi tofauti ya nyeusi na buluu. Nimeomba radhi, nikasogeza cherehani kwenye veranda ya nyuma. Kuanzia sasa nitashona mchana tu, jua likiwepo. Wateja wengine watakwenda. Na waende.

Jumatano, 2 Aprili

Mkoba umerudi. Ametulia, haogopi, haoni watu wala mashimo, lakini mkoba uko begani na macho yako mlangoni. Nilidhani nikipata mwanga unaofaa atajua yuko wapi. Nyumba njema si mlango, walisema wazee. Nami nakuta kwamba si taa pia.

Leo nilimsikiliza Shemeji akimsuka nywele. Bibie akauliza kama mumewe yu njiani. Shemeji akasema, "Yuko njiani, dada. Kanunua nini leo?" Bibie akaanza kueleza: "Labda kitambaa, maana aliniahidi gauni la kijani. Labda embe, kwa kuwa jana tuligombana na yeye hajui kuomba msamaha kwa mdomo." Aliongea uso unang'aa. Nilisimama nyuma ya mlango nikasikia habari zangu. Mimi kwa ukweli wangu wote sijawahi kumfanya aongee hivyo tangu ugonjwa uanze.

Nimeacha kumwita Shemeji mwongo, hata moyoni.

Jumapili, 6 Aprili

Nitaandika yote leo, kwa sababu kesho sijui nitakuwa na nguvu gani.

Dhoruba iliingia alasiri. Upepo uling'oa bati la jirani likapita uani kwetu kama karatasi. Nilikuwa verandani nikivuta cherehani ndani isilowe, Shemeji yuko jikoni, Bibie yuko kwenye kiti chake chini ya taa. Jua lilikuwa bado halijazama lakini mawingu yalikuwa yameshalizima. Hapo umeme ukakatika.

Nilimsikia Shemeji akisema, "Dada, usiogope, nawasha mshumaa." Kiberiti kilikuwa kimeshika unyevu. Akawasha kimoja, cha pili, cha tatu. Aliponyanyua mshumaa sebuleni, kiti kilikuwa kitupu na mlango wa mbele unapigapiga.

Sijakimbia kwa miaka. Leo nilikimbia. Shemeji alishika njia ya kulia, mimi ya kushoto. Mtaa mzima ulikuwa mweusi, maji hadi kwenye kifundo cha mguu, naita jina lake na upepo unaninyang'anya mdomoni. Nikamkuta Shoti anahangaika na waya za duka fulani. Nikamwambia. Aliacha kila kitu pale chini.

Ni yeye aliyesema, "Mzee, huyu hawezi kwenda gizani. Atafuata taa. Taa iko wapi?"

Tulisimama tukatazama pande zote. Palikuwa na taa mahali pamoja tu, kule barabara kuu, kituo cha mafuta chenye jenereta.

Alikuwepo. Mhudumu wa pampu alimpa kiti cha plastiki, akamvika koti lake. Bibie alikuwa ameloa chapachapa, midomo imekuwa ya kijivu, anatetemeka kama cherehani iliyolegea mkanda. Na mapajani, haukufunguliwa hata mara moja, alikuwa ameukumbatia mwavuli wangu.

Nilipiga magoti mbele yake. Akanitazama bila kunijua.

"Mzee," akasema, "samahani. Umemwona mume wangu? Ni mwembamba, ana futi kamba shingoni, huwa anasahau kuivua. Katoka bila mwavuli. Nimemletea."

Shemeji akatokea akihema. Hakusema neno, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alinitazama tu.

Nami nikasema, "Nimemwona. Yeye ndiye aliyenituma. Anasema urudi nyumbani, atakukuta huko."

"Ni mzima?"

"Mzima kabisa."

"Hakulowa?"

"Hakulowa, mama. Alijikinga."

Akavuta pumzi ndefu, mabega yakashuka. Akanikabidhi mwavuli kwa mikono miwili. "Mpe wewe basi. Mwambie sikukasirika kuhusu jana."

Nikamwambia nitamfikishia. Nikaufungua mwavuli juu yake, na Shoti akamshika mkono upande wa pili. Njia nzima aliniita mzee, akaniombea heri, akaniuliza kama nina familia.

Jumanne, 8 Aprili

Homa. Kifua kinakoroma. Tumempeleka hospitali, wamemlaza.

Alhamisi, 10 Aprili

Binti yetu amefika. Tuligombana kwenye korido hata kabla ya kusalimiana vizuri.

"Baba, nilisema tangu mwanzo. Nimchukue, nyumba yangu ina geti, ina mtu wa kumwangalia saa zote. Wewe ukasema unabadilisha balbu. Balbu, Baba!"

Alivyolitamka neno hilo, niliona aibu ya kila mshono niliotia kwenye kofia ya taa. Nikamwambia aende kwake, tumemzoea kwenye simu. Neno baya. Akageuka akatazama ukuta. Anasimama kama mama yake akikasirika, uzito wote mguu mmoja.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimonia, mapafu yote mawili. Daktari anaongea taratibu sana, kama wanavyoongea wakishajua.

Jumatatu, 14 Aprili

Wodini kuna tyubu sita, haziwahi kuzimwa. Madirisha hayana pazia. Ikifika jioni Bibie huanza kulia kwamba kuna watu, naye hana nguvu ya kulia, inatoka sauti kama ya mlango. Nilimwomba muuguzi azime angalau ile ya juu ya kitanda. Alinionea huruma, lakini swichi ni moja kwa wodi nzima na wagonjwa wengine wanahitaji kuonekana. Hakukosea.

Binti alikuwa amekaa upande wa pili. Akamwona mama yake akijaribu kujifunika uso kwa mkono wenye sindano ya dripu. Akavua mtandio wake, akapanda juu ya kiti mbele ya watu wote, akajaribu kuifunga ile taa. Hakuifikia. Akabaki juu ya kiti, mikono juu, mtandio unaning'inia, analia.

Nikamshusha. Akaniegemea begani, jambo ambalo hajafanya tangu akiwa msichana wa shule.

"Ile nyumbani ikoje?" akauliza. "Ile taa."

Nikamweleza. Pazia, njano, pembeni, chini, njia ya chooni. Alinisikiliza kama mwanafunzi. Nilipofika kwenye zulia akaziba mdomo.

"Baba," akasema, "tumrudishe."

Jumatano, 16 Aprili

Daktari amekubali. Dawa za maumivu, na muuguzi atapita asubuhi. Hakuna aliyesema neno lenyewe.

Tumetayarisha chumba. Binti ndiye aliyechagua safari hii. Alilala kitandani kwenye upande wa mama yake, akatuamuru. Sogeza kushoto. Inanipiga machoni. Shusha. Hapana, sasa naona balbu yenyewe. Shoti alisogeza taa mara zisizohesabika bila kunung'unika. Shemeji akasema tukiendelea hivi kutakucha, na taa haitahitajika. Mwishowe binti akanyamaza.

"Hapa," akasema. "Hapa mtu anaweza kukaa."

Ijumaa, 18 Aprili

Yuko nyumbani. Alipoingizwa chumbani alifumbua macho, akatazama ukuta wenye mwanga, akayafumba bila kulia.

Jumamosi, 19 Aprili

Amelala karibu kutwa.

Jumatatu, 21 Aprili

Vijiko vitatu vya supu. Binti anamlisha, Shemeji anasimulia. Namsikia akisimulia visa vya utoto wao, ametia chumvi hadi vimekuwa na ladha. Kumbe mdomo ule ndio uliokuwa umeishikilia nyumba hii isianguke.

Jumatano, 23 Aprili

Jioni, mvua ya mwishomwisho. Binti na Shemeji walikuwa wameenda kulala kidogo, nami nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa chumba, mahali ambapo akifumbua macho nisimtishe. Alikuwa amelala uso kwangu. Sikujua kwamba yu macho.

"Fundi," akasema.

Nikasimama. "Nipo, mama. Naondoka sasa hivi."

Akatikisa kichwa kwa tabu. "Mvua yote hii, unakwenda wapi? Utalowa." Akasogeza mkono juu ya shuka, akapapasa kando yake, pale nilipolala miaka yote. "Njoo ukae hapa. Pana joto."

"Mumeo je? Akinikuta?"

"Hana neno," akasema. "Ni mtu mwema. Nitamwambia wewe ni mgeni wangu."

Nikaenda, nikaketi ukingoni. Akanitazama kwa ule mwanga, muda mrefu, kwa upole wa mwenye nyumba. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akaniuliza kama pale nilipokaa pananitosha. Nikasema pananitosha.

"Basi jisikie uko kwako," akasema, akafumba macho.

Ijumaa, 25 Aprili

Amefariki asubuhi, jua limeshapanda. Binti alikuwa akimpaka mafuta miguuni.

Jumapili, 27 Aprili

Tumemzika. Watu wengi. Haikunyesha.

Jumapili, 4 Mei

Binti ameondoka leo. Alitaka twende wote, nikamwambia nitakuja mvua zijazo. Tulikumbatiana kituoni, akaniambia nimpigie, nisisubiri yeye ndiye apige.

Shemeji bado yupo. Anasema ataondoka wiki ijayo, na wiki iliyopita alisema hivyo hivyo. Sikumwuliza.

Jioni tulikaa jikoni, yeye anamenya viazi, mimi namtazama.

"Shemeji," akasema, "nikuulize kitu, usinichukie. Mwisho kabisa, ulipokuwa naye peke yako. Alikujua?"

Ningeweza kumdanganya. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

"Hapana," nikasema. "Hakunijua. Lakini alinikaribisha."

Kisu kikasimama. Akainamisha kichwa, machozi yakadondoka kwenye maji ya viazi, wala hakuyafuta. Baadaye akavuta stuli ya pili kwa mguu, akaisukuma upande wangu, akanipa kisu kingine.

"Menya nyembamba," akasema. "Si kama unavyokata kitambaa."